Maisha ya Jacques-Yves Cousteau, Aliyetuonyesha Bahari

Anayeandika katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri kwa kawaida huchagua mwandishi wa vitabu. Mimi nimemchagua afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau, aliyejulikana dunia nzima kwa filamu zake za viumbe wa baharini. Najua swali litakalofuata: bahari inatuhusu nini sisi wa Lubumbashi? Kutoka hapa, ukielekea Beira, Dar es Salaam au Lobito, utasafiri zaidi ya kilomita 1000 kabla hujaona maji ya chumvi. Bahari hutufikia ikiwa imeganda ndani ya katoni, katika samaki wa frigo wanaotoka Namibia na kupitia Zambia. Samaki tunaowajua kwa majina ni wa Kasenga na wa ziwa Moero, pamoja na ndakala wa Tanganyika.

Lakini sisi ni watu wa kitivo cha lugha, na lugha tunayoisema nyumbani ilizaliwa pwani. Hata jina la Kiswahili linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Kilipopanda bara pamoja na misafara ya biashara hadi Bunkeya kwa mfalme Msiri, na baadaye kilipofanywa lugha ya kazi katika migodi ya Katanga, kiliacha njiani maneno mengi ya bahari, kwa kuwa huku hayakuwa na kazi. Mimi niliyahisi mapengo hayo jioni moja ya Jumamosi, nyumbani kwetu Katuba.

Nilikuwa nimeazima filamu ya Cousteau iitwayo Le Monde du silence, maana yake Dunia ya Kimya. Umeme ulikuwapo jioni ile, kwa hiyo nyumba ilijaa: mama, nkambo, yaya, wadogo zangu, na watoto wa jirani. Filamu inasema Kifaransa, na nkambo hakisikii Kifaransa. Nikapewa kazi ya kufasiri. Nitarudi kwenye jioni hiyo, lakini kwanza nisimulie mtu huyu alitoka wapi.

Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux. Baba yake, Daniel, alikuwa mwanasheria aliyewatumikia matajiri wa Kimarekani, na kwa sababu hiyo jamaa ilihamahama. Utotoni alikaa kwa muda New York, akajifunza Kiingereza. Akiwa bado kijana mdogo alinunua kamera ya filamu, na tangu wakati huo hakuiacha. Mwaka 1930 aliingia katika shule ya maafisa wa jeshi la majini huko Brest. Hakuota habari za samaki. Alitaka kuwa rubani wa ndege za jeshi.

Ajali ya gari ndiyo iliyomgeuza. Mwaka 1936 gari lake lilianguka, mikono yake ikavunjika, na ndoto ya ndege ikaishia hapo. Alipelekwa Toulon, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, akawa anaogelea kila siku ili mikono ipate nguvu tena. Afisa mwenzake, Philippe Tailliez, alimpa miwani ya kuogelea. Cousteau aliinamisha uso majini akaona, mita chache tu kutoka ufukoni, majani, mawe na samaki ambao mtu aliyesimama juu hawezi kuwaona. Tailliez na rafiki yao Frédéric Dumas wakawa wenzake wa kupiga mbizi kwa miaka mingi. Mwaka 1937 alimwoa Simone Melchior, binti wa jamaa ya mabaharia, wakapata watoto wawili wa kiume, Jean-Michel na Philippe.

Filamu yake ya kwanza ya chini ya maji aliitengeneza mwaka 1942, Ufaransa ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Inaitwa Par dix-huit mètres de fond, yaani katika kina cha mita 18. Aliipiga pamoja na wenzake kwa kubana pumzi tu: wanashuka, wanapiga picha kidogo, wanapanda kuvuta hewa, wanashuka tena. Wapiga mbizi wengine wa zamani ile walivaa kofia nzito ya chuma na kuletewa hewa kwa mpira kutoka juu, wakatembea chini kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Wa kwanza alikuwa huru lakini hana muda, wa pili alikuwa na muda lakini hana uhuru. Cousteau alitaka vyote viwili.

Jibu lilitoka kwenye gari. Baba mkwe wake alifanya kazi katika kampuni ya Air Liquide, na humo alikuwamo mhandisi aliyeitwa Émile Gagnan. Kwa kuwa Wajerumani walikuwa wamechukua petroli, magari ya Ufaransa yalitumia gesi, na Gagnan alikuwa ametengeneza kifaa kidogo cha kuipima gesi iingiapo katika injini. Sisi tunaowajua mafundi wa Lubumbashi, wanaofufua gari moja kwa kipuri cha gari jingine, hatutashangaa kwamba kifaa hicho kiligeuzwa kumlisha mtu hewa. Mpiga mbizi hubeba mgongoni mitungi ya hewa iliyoshindiliwa. Kifaa humpa hewa pale tu anapovuta pumzi, tena kwa nguvu iliyo sawa na nguvu ya maji yanayomzunguka, hata mapafu yasibanwe. Kilijaribiwa mwaka 1943, kwanza mtoni Marne, kisha baharini. Mizizi ya filamu zote za bahari tunazoziona leo iko hapo: kuanzia siku ile mtu aliweza kukaa chini na kamera yake, akamfuata samaki badala ya kumngoja.

Kuna jambo la miaka hiyo ambalo wanaompenda hulipita upesi. Kaka yake, Pierre-Antoine, alikuwa mwandishi wa gazeti lililowaunga mkono Wanazi na kuwachukia Wayahudi. Vita ilipokwisha alishitakiwa, na mwaka 1946 alihukumiwa kifo. Jacques-Yves alikwenda mahakamani akiwa amevaa sare yake ya jeshi kumtolea kaka yake ushahidi, ingawa alijua kitendo hicho kingeweza kumharibia kazi. Hukumu ya kifo ilibadilishwa kuwa kifungo, na Pierre-Antoine aliachiliwa baada ya miaka kadhaa. Undugu haukuifanya hatia ya kaka iwe ndogo, na hatia haikumfanya mdogo wake akane undugu. Mambo haya mawili nayaandika pamoja kwa sababu yalikuwa pamoja.

Mwaka 1950 alipata meli. Calypso ilijengwa Marekani wakati wa vita ili kusafisha mabomu baharini, na baada ya vita ikafanya kazi ya kivuko huko Malta. Tajiri wa Kiingereza, Loel Guinness, aliinunua akamkodishia Cousteau kwa faranga moja kwa mwaka, bei ya jina tu. Lakini meli inakula mafuta, na mabaharia wanakula chakula. Simone aliuza vito vyake ili ipate vifaa. Baadaye aliishi ndani ya Calypso muda mrefu kuliko mumewe, akiwatunza wanaume wale, nao wakampa jina la utani la Mchungaji. Katika filamu hutamwona sana, naye hakupenda kuonekana. Anayehesabu kazi ya Cousteau bila kumhesabu Simone anakosea hesabu.

Mwaka 1953 kilitoka kitabu chake, alichokiandika na Dumas, chenye jina lile lile la Dunia ya Kimya. Kwetu wanafunzi wa lugha kuna jambo la kuangalia: Mfaransa huyu alikitoa kwanza kwa Kiingereza, na Wafaransa walikisoma baadaye kwa tafsiri. Aliitumia lugha kama alivyoitumia kamera. Alichagua ile itakayomfikisha kwa watu wengi, kisha akarudi nyumbani na habari. Kitabu kiliuzwa mamilioni ya nakala.

Fedha zilizidi kupungua. Mwaka 1954 alikubali kuipeleka Calypso katika Ghuba, karibu na Abu Dhabi, kuwatafutia Waingereza dalili za mafuta chini ya bahari. Wapiga mbizi wake walishuka kuokota mawe ya sakafuni ili wataalamu wayapime, na miaka michache baadaye mafuta yalipatikana katika bahari hiyo. Kwa hiyo mtu atakayekuja kuwa sauti ya ulinzi wa bahari alilipwa kwanza na wachimbaji. Wana wa Katanga, sisi ambao karo za wengi wetu zimetoka mgodini, tusimcheke.

Mwaka 1955 Calypso ilisafiri katika bahari ya Sham, Ghuba na bahari ya Hindi ili kupiga filamu kubwa kwa rangi. Msaidizi wake katika uongozi wa filamu alikuwa Louis Malle, kijana aliyekuwa bado na umri wa mwanafunzi. Sehemu mojawapo iliyo tamu ilipigwa katika kisiwa cha Assumption, Ushelisheli, karibu na Aldabra, katika maji yale yale yanayoosha pwani ya Waswahili na visiwa vya Ngazija. Huko walikutana na samaki chewa mkubwa, wakamwita Jojo. Jojo aliwazoea wapiga mbizi kama mbuzi wa nyumbani, akawafuata na kuwania chakula, mpaka wakamfungia ndani ya tundu la chuma ili wapate kufanya kazi. Hapo watoto wa Katuba walicheka hadi wakaanguka.

Sasa nirudi kwenye jioni ile. Kufasiri kulianza kunishinda mapema. Nyangumi nililijua kutoka kwenye kamusi, lakini sebuleni hakuna aliyelijua, hivyo nikaeleza kwamba ni mnyama mkubwa kuliko kiboko na tembo, anayeishi baharini na kunyonyesha mtoto wake. Matumbawe niliyaita mawe yaliyo hai, na nkambo akaniangalia kwa shaka.

Kisha ikaja sehemu ya wale nyangumi. Calypso inakutana na kundi lao, inawakaribia mno, na mtoto mmoja wa nyangumi anakatwa na pangaboi la meli. Anavuja damu. Mabaharia wanammaliza ili asiteseke. Damu inawaita papa, nao wanakuja kumla. Mabaharia wanaingiwa na hasira, wanawavuta papa juu ya sitaha kwa ndoana, wanawapiga kwa mashoka. Mimi nilisema kwa Kiswahili changu cha darasani kwamba mabaharia wanawaua papa. Katika Kiswahili cha Lubumbashi papa ni baba. Watoto walinitazama kwa hofu, wakaniuliza ni papa wa nani wanaouawa. Yaya alicheka, nami nikacheka, nikaeleza kuwa ni jina la samaki mwenye meno. Lakini mashoka yaliendelea kwenye tele, na kicheko kikakatika chenyewe.

Nkambo ndiye aliyevunja ukimya. Alitaka kujua ni nani aliyemjeruhi mtoto wa nyangumi mwanzoni. Nikamjibu kuwa ni meli. Akauliza basi kwa nini wanawapiga wale samaki, ilhali samaki wamekuja kula tu, na kosa ni la meli. Sikuwa na la kufasiri. Maelezo ya Kifaransa katika filamu yanaeleza hasira ya mabaharia, lakini hayaijibu hoja ya nkambo wangu.

Katika filamu hiyo hiyo kuna sehemu nyingine: wanalipua baruti katika matumbawe ili wahesabu aina za samaki waliomo. Samaki wanaelea juu wakiwa wamekufa, mwingine amevimba kama mpira. Maelezo yanasema ni kwa ajili ya elimu. Tunawalaumu, na ni haki, wavuvi wetu wanaotandaza vyandarua vya mbu ziwani na kukomba hata vifaranga vya samaki. Wao angalau wanatafuta chakula cha jioni.

Filamu hiyo ilipewa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956 na tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Wakati ule wengi walishangilia uzuri wake. Leo anayeitazama anaona uzuri na ukatili katika mkanda mmoja. Je, tumtupe Cousteau kwa ajili ya sehemu hizo? Au tuzikate, tubaki na Jojo? Nimeisoma miaka 40 iliyofuata ya maisha yake nikiwa na swali hilo.

Mwaka 1957 alifanywa mkurugenzi wa jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, akakaa hapo zaidi ya miaka 30. Mwaka 1960 serikali ya Ufaransa ilipotaka kutupa takataka za nyuklia katika bahari ya Mediterania, alipinga hadharani, na umma wa pwani ukapinga pamoja naye. Mpango ukasimamishwa. Lakini alikuwa bado anaamini kwamba mwanadamu ataimiliki bahari na kuhamia humo. Mwaka 1963, katika mwamba wa Shaab Rumi, karibu na pwani ya Sudan, alijenga nyumba chini ya maji, na watu wake waliishi humo kwa mwezi mzima katika kina cha mita 10. Filamu ya nyumba hizo, Le Monde sans soleil, ilimletea Oscar nyingine. Masalia yao yangali pale hadi leo, na samaki ndio wapangaji. Ndoto ya watu kuhamia baharini aliiacha.

Tangu mwaka 1968 vipindi vyake vya televisheni, vilivyotengenezwa pamoja na Wamarekani, viliingia katika nyumba za mamilioni ya watu. Kofia nyekundu ya sufu, uso mwembamba, Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa: watu ambao hawajawahi kuona bahari walijua pomboo anavyoruka na pweza anavyojificha. Lakini sauti yake ilianza kubadilika. Kila aliporudi mahali alipokuwa amepiga mbizi zamani, alikuta samaki wamepungua na matumbawe yamekufa, akayasema hayo hadharani. Mwaka 1973 aliunda chama cha kutetea bahari.

Tarehe 28 Juni 1979 mwanawe Philippe, mpiga picha na mrithi wake kazini, alikufa ndege yake ilipopata ajali mtoni Tagus, Ureno. Jean-Michel, aliyekuwa na kazi yake nyingine, alikuja kufanya kazi na baba yake. Baadaye baba na mwana waligombana juu ya matumizi ya jina la Cousteau, hata wakafikishana mahakamani. Simone alifariki mwaka 1990. Mwaka uliofuata Cousteau alimwoa Francine Triplet, ambaye tayari alikuwa amezaa naye watoto wawili. Nyumba yake haikuwa shwari kama picha zake.

Mwaka 1988 alichaguliwa kuingia katika Académie française, baraza linaloilinda lugha ya Kifaransa. Mimi nakumbuka zaidi kazi yake ya Antaktika. Mataifa yalikuwa yameandaa mkataba ambao ungefungua mlango wa kuchimba madini katika bara lile la barafu. Cousteau, akiwa na umri wa miaka 80, alikusanya sahihi za watu wengi na kuwaendea viongozi mmoja mmoja. Mwaka 1991, huko Madrid, uchimbaji ulipigwa marufuku badala ya kuruhusiwa. Mtu aliyeokota mawe kwa ajili ya mafuta ya Abu Dhabi alisaidia kulifungia bara zima lisichimbwe. Anayeishi Katanga, aliyeona mto ukibadilika rangi kwa maji yanayotoka machimboni, anajua uzito wa uamuzi huo.

Januari 1996 Calypso iligongwa na tishari bandarini Singapore ikazama, ikaopolewa baadaye ikiwa imeharibika. Tarehe 25 Juni 1997 Cousteau alifariki Paris akiwa na miaka 87. Alizikwa katika mji wake wa kuzaliwa.

Sasa nijibu swali nililoliacha. Naona sehemu ya mashoka isikatwe. Tukiikata, tutabaki na mzee mwema wa kofia nyekundu ambaye hakuwahi kujifunza lolote, kwa maana hakuwa na la kujifunza. Tukiiacha, tunamwona mtu aliyesimama upande wa wenye mashoka, kisha akatembea polepole, mbele ya kamera, hadi upande wa wanaopigwa. Hata jina la filamu lilikuwa na kosa: bahari si kimya. Nyangumi wale wale hugonga sauti majini mfululizo, wakitafuta chakula na kuitana. Aliyeiita dunia ya kimya alikuwa bado hajajua kuisikiliza.

Kwa wenzangu na walimu wa kitivo nina ombi moja. Tufasiri maelezo ya filamu za namna hii kwa Kiswahili chetu, tuwape watoto maneno ambayo misafara iliyaacha njiani: nyangumi, chewa, kasa, pomboo, matumbawe. Kwa neno papa, nyumbani kwetu tumekwisha kuamua: tunasema samaki-papa, ili mtoto asiogope.

Jumamosi iliyofuata nkambo aliniuliza kama yule mzee aliwahi kutambua kosa la meli yake. Nikamsimulia habari za takataka za nyuklia, za Antaktika na za sahihi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniagiza nitafute filamu zake za uzeeni, ili aone mwenyewe kama mashoka yamewekwa chini.